Watazamaji Wawili

2 Machi

Fundi wa kamera ndiye aliyeniambia niwe naandika. "Mama, ukiona kitu hakieleweki, andika tarehe na saa. Mimi nikija nakitafuta kwenye diski, hatusumbuani." Basi naandika. Maisha yangu yote sijaandika zaidi ya vipimo vya viuno na mabega ya watu, lakini mtu akiibiwa huwa na mengi ya kusema.

Hali yenyewe ni hii. Karakana yangu inashona sare za shule. Jora la kitambaa likiingia stoo, najua litatoa sketi ngapi kabla halijafunguliwa. Tangu mwaka uanze, kila jora linatoa pungufu. Si pengo la kumfanya mtu apige yowe. Ni sketi chache hapa, chache pale, kiasi cha mtu kujiuliza kama amezeeka. Mimi sijazeeka. Kuna mtu ananichukulia kitambaa, tena ananijua vizuri, maana asiyenijua angebeba jora zima.

4 Machi

Fundi amekuja kufunga. Wasichana wa mashine wameshambatiza jina, wanamwita Waya, kwa urefu ule na wembamba ule. Ameshinda juu ya ngazi akitoboa kuta, vumbi likiangukia kola nyeupe nilizokwisha kuzipanga, nami nikimfuata huku chini na kitambaa cha kufutia. Kamera moja inatazama mlango wa barabarani, moja safu ya mashine, moja mlango wa stoo. Ya nne inatazama meza ya kukatia, na kwa kuwa ofisi yangu ni kona tu nyuma ya meza hiyo, nami nimo. Waya zote zinaishia kwenye kisanduku cheusi juu ya rafu yangu. Humo ndimo picha zinamolala.

Kazi ilikuwa kwenye programu ya kutazamia. Aliiweka kwenye kompyuta, ikagoma. Akaitoa, akairudisha. Ikafunguka, ikasema kifaa hakionekani. Na kifaa hicho hapo, ukinyoosha mkono unakigusa! Waya akajikuna kichwa, akazima ruta akaiwasha, akachomoa waya huu akachomeka ule. Nikaanza kumtilia mashaka na yeye. Mtu anayefungua programu huku anahema hivyo, ni fundi kweli? Halafu ghafla skrini ikajaa picha, na katika pembe moja nikaona mwanamke ameshika kitambaa cha vumbi, kisogo kimeanza upara. Sikumjua mara moja. Kumbe ni mimi.

"Sasa weka paswedi," akasema.

"Geuka ukutani."

"Mama, kila kitu hapa nimefunga mimi."

"Ndiyo maana nakwambia geuka."

Akageuka. Kisha akachukua simu yangu, akapiga picha kile kimraba chenye madoa kilichobandikwa tumboni mwa kisanduku, na karakana nzima ikahamia ndani ya simu. Mwisho akachora mstari mwekundu kwenye picha ya mlango wa stoo. Mtu akiukatiza, simu inalia.

"Na wanayosema nitayasikia?" nikamuuliza.

"Hapana. Hizi ni picha tu, sauti hazina."

Sikujali. Mwizi haibi kwa sauti.

5 Machi

Simu imelia asubuhi nzima. Nimekimbia stoo mpaka miguu ikauma. Mjusi.

7 Machi

Leo Chaki ameuliza. Chaki ndiye mkataji wangu. Jina limetokana na kipande cha chaki kinachokaa nyuma ya sikio lake, nadhani hata akilala hakitoki. Tulianza sote barazani na cherehani moja, yeye akikata, mimi nikishona. Wengine wananiita Bosi. Yeye ananiita shoga, na sijawahi kumkataza.

"Shoga, hilo jicho ni la nani?"

"La wezi."

"Wezi gani?"

"Hawa hawa wa barabarani."

Akatazama juu, akaweka sawa kitambaa cha kichwa kama mtu anayepigwa picha ya harusi. "Basi wanitoe vizuri," akasema, wasichana wakacheka.

Ungeniuliza mwaka jana ni nani hawezi kuniibia, ningemtaja yeye kabla ya watoto wangu. Lakini kitambaa chote kinapita mezani kwake. Hakuna njia nyingine. Namtazama yeye kuliko wengine, na jambo lenyewe silipendi.

12 Machi

Mvua zimeanza. Shule zitafunguliwa zikiisha, kwa hiyo kila mzazi anataka sare jana.

Mwanangu ameniletea simu mpya. Ya zamani nimempelekea Dada kwa mkono wa binti yake. Dada amevunjika nyonga, yuko kitandani kwa binti yake huyo, na simu yake ilikuwa imekufa kabisa. Tangu yale maneno ya kwenye msiba wa mama, mimi na Dada hatuvuki salamu. Sikumwandikia kitu. Nilitoa laini yangu, nikaifuta simu kwa pindo la gauni, nikamkabidhi binti. Laini ikishatoka simu si yangu tena.

15 Machi

Waya amekuja kuniwekea programu kwenye simu mpya. Leo nimeona chini ya picha pameandikwa "Watazamaji: 2". Nikamuuliza hao ni akina nani. "Ni wewe na wewe, mama. Simu na kompyuta." Alikuwa na haraka, mvua ilikuwa inamnyeshea pikipiki.

19 Machi

Mvua. Jora la buluu limetoa pungufu tena.

23 Machi

Dada amepiga. Mwenyewe! Nikajua kuna kilio.

"Umekonda, mdogo wangu," akasema. "Unashinda na kikombe kimoja cha chai mpaka jioni. Kula."

Nikamwambia nashukuru, naendelea vizuri. Simu ilipokatika nikabaki nimeishika. Ni kweli nashinda na chai. Lakini nani amemwambia? Sikumuuliza. Simpi raha ya kuniona nashangaa.

30 Machi

Dada tena. "Yule binti wa mashine ya ovaloki jana ulimwonea. Ulimfokea mbele ya wenzake mpaka akajifuta machozi kwa sketi ya watu. Mama hakutulea hivyo."

Nimejibu, "Kazi ina mambo yake, Dada," nikasingizia mteja.

Kwa hiyo si kitambaa tu kinachotoka humu. Na maneno yanatoka. Sasa nani humu ndani anamjua Dada? Wasichana hawamjui hata kwa sura. Anayemjua ni mmoja. Enzi za baraza tulikuwa tukila kwake, mimi na Chaki, sahani moja.

3 Aprili

Siku nzima nimerudisha picha nyuma. Saa ile ya mchana kazi inapopoa, Chaki yuko kwenye meza ya pasi, simu sikioni. Anaziba mdomo kwa kiganja. Anatupa jicho upande wangu, kisha anageuka kuelekea dirishani na kuendelea kuongea. Nimeitazama hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika. Mtu asiye na la kuficha anaziba mdomo wa nini?

4 Aprili

Ameziba tena.

9 Aprili

Wasichana wamegundua mahali kamera hazifiki, kona ya nyuma ya mafurushi yaliyokwisha pigwa pasi. Wanapishana kwenda huko kama kuna bomba la maji. Wanacheka kidogo, wanarudi na nyuso za kanisani. Zamani walikuwa wakiimba kwenye mashine. Nimegundua leo kwamba hawaimbi tena, na sijui waliacha lini.

Nimemwambia Waya aongeze kamera kona ile. Akaniuliza, "Mama, tangu tufunge umemkamata mtu?" Nikamwambia fundi alipwaye hahoji. Akasema sawa, lakini hajaja.

14 Aprili

Kabla ya kuingiza mkasi, Chaki anatazama mlangoni. Kila safari. Anatandaza, anachora, anatazama mlangoni, anakata. Anamwogopa nani?

20 Aprili

Asubuhi nilifungua jora jipya mimi mwenyewe, nikampa Chaki mkononi. Mchana nikahesabu vipande. Pungufu. Mchana huohuo Dada akapiga na kuniambia nisijipe presha ya bure, ameniona nahesabu na kurudia. "Ameniona," alisema. Nikachukulia ni kusema tu. Macho yalikuwa yameshanitoka.

Nikamwita Chaki kwenye kona yangu. Mashine zikanyamaza zote kwa pamoja, hata mvua ikasikika bati kwa bati. Nikamgeuzia skrini.

"Hapa unaongea na nani?"

Akainama kutazama, chaki nyuma ya sikio. "Na mwanangu."

"Na mbona unaziba mdomo?"

"Kwani nimeziba?"

"Umeziba. Hii. Na hii. Na hii ya wiki iliyopita." Nilikuwa nimeziandika zote, nikawa nazifungua moja baada ya nyingine, na kadiri nilivyofungua ndivyo nilivyoona nina haki. "Na hapa unatazama mlangoni kabla ya kukata. Unamtazama nani?"

"Naangalia mwanga. Mvua ikiwa nzito, buluu na nyeusi zinafanana."

"Kila siku mwanga?"

"Kila siku nakata, shoga."

"Usiniite shoga. Kitambaa kinakwenda wapi?"

Hapo ndipo aliponyooka. Simkumbuki Chaki akiwa na hasira, kwa hiyo sikuitambua. Ilikuwa ni kutulia tu.

"Unadhani nakuibia."

"Nakuuliza."

"Huniulizi. Ungeuliza siku ile ya kwanza, mezani, mimi na wewe. Umeniweka kwenye televisheni tangu Machi, ukaja leo kunisomea. Halafu uniambie, Dada yako anaingiaje humu? Maana siku hizi akipiga simu tu unalitaja jina lake kwa meno."

"Wewe ndiye unayempelekea maneno."

Akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha hata chembe. Akavua utepe wa kupimia shingoni, akauviringa kama unavyoviringwa siku zote, akauweka juu ya kompyuta yangu. "Basi nimekula kitambaa chako," akasema. "Nimekula na maneno yako. Hesabu vizuri usije ukasahau kitu."

Akatoka na mvua ile bila mwavuli. Mkasi wake mkubwa aliuacha mezani. Binti wa ovaloki akaanza kulia, na safari hii sikumfokea mtu.

22 Aprili

Nakata mwenyewe. Mgongo umekufa.

24 Aprili

Nimemkamata! Jora la buluu ileile, kipimo kilekile, nimekata kwa mkono wangu na limetoa sketi zote, hakuna iliyopungua. Akikata yeye zinapungua, nikikata mimi zinatimia. Sasa nani atasema namwonea? Nimewaonyesha wasichana. Walitazama chini.

Nimepata nilichokuwa nakitafuta na wala sina hamu ya chai.

27 Aprili

Mama mmoja ametupa sketi mbili kwenye kaunta yangu kama anayetupa samaki waliooza.

"Hii mnaita sketi?"

Nikamwambia ni mpya, imetoka juzi, nimeikata mwenyewe.

"Ndivyo inavyoonekana." Akaigeuza pindo nje. "Mtoto akirefuka kidogo tu hii ni kaptura. Nitashusha nini hapa? Dada yake nilimnunulia kwenu mwezi wa pili. Tazama." Akaigeuza ya pili. Upindo wake ulikuwa mpana kama kiganja changu, umekunjwa ndani na kushonwa kwa mshono mrefu unaofumuka bila kuumiza kitambaa. "Hii itamfikisha mbali. Mimi sina watoto wa kununuliwa sketi kila muhula. Yule mkataji wenu wa siku zote yuko wapi?"

Nikambadilishia ile fupi. Alipoondoka nikaingia stoo, nikafungua mafurushi yote yaliyokatwa na Chaki tangu Januari. Mimi hukagua zipu, viuno na marinda. Mapindo sikuyageuza hata siku moja mwaka huu.

Kitambaa changu kipo. Chote. Kimekunjwa ndani ya pindo za sketi, kiganja kwa kiganja.

Januari nilimwambia apunguze upindo, vidole viwili vinatosha, nyakati zimebadilika. Alisema, "Haya, shoga," kama anavyosema akiwa hataki kubishana, akaendelea kukata kama tulivyokubaliana barazani, wakati watoto waliovaa sketi zetu walikuwa ni wetu. Alinidanganya, ndiyo. Angenibishia ningemshinda, naye alijua.

Nimekaa juu ya furushi mpaka wasichana wakaja kuuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

28 Aprili

Simu ya Chaki haipokelewi.

Bado kuna Dada. Kitambaa Chaki hakuiba, sawa. Lakini maneno? Moyo wangu una roho mbaya, leo nimeona aibu nayo, maana ulitulia kidogo kwa kufikiri kwamba angalau hilo ni kweli.

29 Aprili

Si kweli hata hilo.

Umeme ulikatika kwa upande wa kompyuta, ukabaki wa ruta na kisanduku. Nikafungua programu kwenye simu kuangalia kama kamera zinafanya kazi. Chini ya picha: Watazamaji: 2. Nikaitazama kompyuta. Imekufa, nyeusi tii. Simu ni moja. Mimi ni mmoja. Huyo wa pili ni nani?

Nilimpigia Waya kwa sauti iliyomleta mbio. Kitu cha kwanza nilimshutumu yeye. Hakukasirika, nadhani amenizoea. Akafungua ukurasa wenye orodha ya simu zilizoruhusiwa, akanisomea mbili. Moja ni mpya. Nyingine ni ya zamani.

"Hii si ile niliyoiwekea mwanzo? Iko wapi?"

"Nilimpa Dada. Lakini nilitoa laini!"

"Mama," akasema taratibu, "laini ni ya kupigia. Hii inatumia intaneti tu. Ulimpa na karakana humo humo."

Akauliza amfute. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Nikamwambia ngoja.

30 Aprili

Nimekwenda kwa Dada. Mvua ilikuwa inapiga ubavuni, nimefika nimelowa mpaka viatu. Alikuwa amelazwa kwenye mito, simu imeegemezwa kwenye kikombe, na ndani ya simu ilikuwa karakana yangu. Meza ya kukatia, tupu.

"Nimekuona ukitoka," akasema. "Nikasema atakuwa anakuja huku. Umekuja na viatu vyepesi."

"Dada, umekuwa ukiangalia tangu lini?"

"Si tangu uliponipa." Akanipapasa mkono, wa baridi na maji ya mvua. "Nitakwambia ukweli. Nilikuwa nimekufungia moyo kabisa. Simu ilipoletwa bila neno nikasema, huyu naye, ananitupia makombo. Halafu nikagusa kile kipicha cha jicho, nikakuona umekaa unakunja kola. Nikalia. Nikasema mdogo wangu kashindwa kusema kwa mdomo, kanifungulia mlango nipite mwenyewe. Tangu hapo sina upweke. Asubuhi nawafungulieni kazi, jioni nawafungieni."

Sikumwambia kwamba ni bahati mbaya. Sitamwambia.

"Chaki anaumwa?" akauliza. "Siku nyingi meza haina mtu. Wewe unakata vibaya, unavuta kitambaa."

Nikamweleza. Nilipofika kwenye meza ya pasi na ile kuziba mdomo, alinikatiza.

"Si alikuwa anakuogopea usiamke? Wewe mchana ule huwa unasinzia, kichwa kwenye meza. Akipigiwa simu anaziba mdomo, anakuangalia kama umeshtuka, anakwenda dirishani. Siku moja alikuja akakusogezea kikombe usije ukakipiga kwa mkono. Kwani wewe uliona nini?"

Picha ni zilezile. Nilizirudisha nyuma mpaka nikazikariri, na mwanamke anayelala pembeni sikumwona hata mara moja.

Dada aliichukua simu kutoka kwenye kikombe. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi niliyemponza. Nipe namba yake. Namba yangu ataipokea."

3 Mei

Nimefika nyumbani kwa Chaki asubuhi, mlango umefungwa. Jirani akasema katoka sasa hivi. Nikasimama chini ya ukingo wa paa, mvua ya rasharasha, na simu ikalia. Dada.

"Uko wapi? Rudi! Yupo hapa mezani."

"Anafanya nini?"

"Amechukua mkasi wake. Anauviringisha kwenye kitambaa."

"Mwambie anisubiri!"

"Nitamwambiaje, na mimi natazama tu?"

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, kwenye matope, mkono mmoja gauni, mmoja simu, na Dada sikioni akinitangazia kama mpira wa redioni: anaagana na wasichana, anamshika binti wa ovaloki kichwa, amerudi mezani, anatazama juu kwenye kamera. "Anasema kitu," Dada akasema. "Anapunga mkono. Ametoka."

Nilifika nikakuta wasichana wamesimama na meza haina mkasi. Nikaifungua picha, nikairudisha. Chaki anainua uso, ananitazama usoni kabisa, midomo inatembea. Maneno machache. Nikairudisha tena. Na tena. Kwa mara ya kwanza sikuweza kujisomea chochote. Nikampigia Dada.

"Aliniambia nini?"

"Aliniaga mimi, mdogo wangu. Tuliongea jana. Aliniahidi kwamba akipita kuchukua mkasi atanisalimia. Kasema, 'Dada, ugua pole.' Nimeuona mdomo."

"Na mimi? Hakuniambia kitu?"

"Wewe hukuwepo."

6 Mei

Waya ameondoa kamera ya stoo na ya mashine, na mstari mwekundu kaufuta. Ya meza nimemwambia aiache. Watazamaji wabaki wawili.

13 Mei

Wasichana na mimi tunakata kwa zamu. Upindo kiganja kizima. Jora linatoa pungufu.

17 Mei

Jua. Leo mmoja ameanza kuimba kwenye mashine, akakumbuka nipo, akanyamaza. Nikamwambia aendelee. Hakuendelea.

21 Mei

Shule zimefunguliwa jana. Leo nimekwenda.

Chaki ameweka cherehani moja kwenye baraza la jirani yake, na meza ya kukatia ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili ya mafuta. Wazazi walikuwa wamejipanga mpaka barabarani, wengi wao wateja wangu. Wengine wakanitambua, wakanipisha nipite mbele. Nikakataa. Nikasimama nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni, nikasogea walivyosogea.

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, na mazuri. Zamu yangu ilipofika aliinua uso, akaniona, akakitazama kitambaa nilichobeba.

"Karibu," akasema, kama alivyomwambia yule mama wa mbele yangu.

"Gauni la Dada. Ameanza kusimama kwa fimbo."

"Vipimo vyake ninavyo." Akakipapasa kitambaa, akakigeuza upande wa ndani, akakiweka kwenye rundo. Kisha akachukua kalamu. "Jina la mteja?"

Nyuma yangu watu walikuwa wanasikiliza. Nikamtajia jina langu, na la baba, na la babu, mtu anavyojitaja mahali asipojulikana. Akaandika yote matatu bila kuinua kichwa.

"Njoo Alhamisi."

"Chaki," nikasema. Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa yamekimbia. "Nilikukosea. Sana."

"Najua," akasema. "Mpishe aliye nyuma yako."

Nikampisha. Alhamisi nitakwenda mapema, maana foleni ni ndefu.